Fundi wa Bure Kutoka Kishapu

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Fundi Ngassa kanitajia elfu tisini kusimamisha kuta za nyumba yangu. Elfu tisini, hapa hapa Geita! Nimemkatalia mbele ya watu. Shemeji Maduhu, kaka wa mke wangu Mama Mariana, ni fundi huko Kishapu na amekubali kujenga bure. Kwenye daftari la makadirio, ufundi: sifuri. Mama Mariana kaniuliza kama nina uhakika. Ananiuliza mimi, mwalimu wa hesabu!

Alhamisi, 5 Septemba
Shemeji kafika. Kaja na mkewe, watoto wanne na mama mkwe. Mama mkwe! Sisi tumepanga chumba kimoja, na mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe. Nimewapangia vyumba viwili jirani, elfu nane. Nimeandika "dharura".

Jumatano, 11 Septemba
Kuta zimefika magotini. Dagaa shemeji hagusi. Kasema kwa upole kwamba kwao fundi hula kuku. Leo ni kuku wa sita. Jirani Nkwabi kapita, kasimama, kauliza kama najenga zizi. Nyumba yake imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Anajengewa na Ngassa!

Jumatatu, 16 Septemba
Ukuta wa mashariki umepinda. Nimemwita Ngassa kwa siri. Kashusha timazi, kacheka mpaka kakaa juu ya matofali. Kasema ubomolewe. Nani amwambie shemeji? Nimejikaza nikamwambia ukuta unaonekana umechoka.
"Shemeji," kanijibu, "macho yako ndiyo yamepinda."
Mama mkwe kauliza kama namtukana mwanawe. Nimeomba radhi. Kuku wawili.

Ijumaa, 20 Septemba
Ukuta umeanguka wenyewe saa nne asubuhi, wote wakiwa wanakunywa chai. Mungu mkubwa, hakuna aliyeumia. Shemeji kasema matofali ya Geita hayana adabu, kisha kaomba nauli. Watu saba!
Ngassa sasa anataka laki na ishirini, maana kuna kifusi cha kuondoa. Nimekubali, nikiangalia chini. Ukijumlisha hizo na vyumba, kuku, nauli na saruji iliyopotea, ufundi wa bure umefika laki mbili na elfu mbili. Mama Mariana kasoma daftari lote. Hakugomba. Kauliza tu mvua zikianza tutakuwa wapi, maana mwenye nyumba anataka chumba chake mwezi wa kumi na moja. Afadhali angegomba.

Jumapili, 29 Septemba
Kuta zimesimama, zimenyooka. Nimezizunguka mara tatu. Mama Mariana kacheka, mara ya kwanza mwezi huu.
Imebaki paa. Seremala wa hapa anataka elfu hamsini. Hamsini, kwa kupigilia misumari! Nimemwandikia binamu yangu Adam wa Ushirombo, anayetengeneza vitanda. Huyu ni wa upande wangu, watu tofauti kabisa. Kazi atafanya bure. Ana wake wawili tu, na nasikia wanakula kidogo.