Mzee wa Nepi Anataka Kutajwa

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Leo nimetajwa redioni! Kenya nzima imesikia jina la Nzuki wa Mukuyuni!

Haya, sikutajwa. Mutindi, mwenye kipindi cha akina mama, alisema anawasalimu majirani zake wote. Mimi ni jirani. Ua wetu ni mmoja. Nikamwambia Wanjiro wa hoteli kwamba hapo nimo. Akaniuliza tangu lini niko wengi. Mama huyu alihama kutoka kwao na sufuria moja na mdomo, na sufuria imeshatoboka.

Zamani sikuwa "wote". Kiilu wa Mutindi akiwa mchanga, watu wa redio walikuja sokoni kutafuta mama wa kuongea juu ya kulea watoto. Mutindi akaniachia mtoto, akakimbia huko. Nikamfunga kwa leso kwenye mguu wa kitanda, nikaenda kuchungulia hiyo mitambo. Mbuzi wangu akaingia akala nepi. Mutindi aliporudi alinitukana mpaka akachoka, akakaa chini, akacheka. Wiki iliyofuata akaisema yote hewani. Nikawa Mzee wa Nepi! Nilipeleka ndume mnadani Ikutha, mtu nisiyemjua akauliza kama huyo naye anakula nepi. Nilikasirika sana. Wiki iliyofuata nilirudi Ikutha bila ndume.

Siku hizi Mutindi ni Mama Pendo, wa Sabuni ya Pendo. Mtoto wake wa redio hakojoi. Hatapiki. Halii. Zamani alisema mtoto amehara, sasa anasema "tumbo la mwanao likisumbuka", kwa Kiswahili cha Mombasa, na Mombasa hajafika. Kiilu alipoingia kidato cha pili alimkataza mama yake kutaja matako yake hewani. Ni haki yake. Lakini mimi yangu sikukataza!

Jumatano, 3 Agosti

Nina mpango. Mutindi ameishiwa hadithi, basi nimpe moja. Mbuzi ninaye, kitukuu wa yule wa nepi, na tabia ni ile ile. Nguo za Mutindi zilikuwa kwenye kamba. Nikafungulia mbuzi, nikajificha jikoni kungoja matusi.

Akala aproni ya kampuni. Ya buluu, mpya. Akabakisha mfuko.

Jioni Mutindi akaja kwenye ua mwenyewe. Nikaweka kofia sawa. Akasema, pole kwa usumbufu, Mzee Nzuki, natumaini mbuzi wako haumwi tumbo.

Pole! Mzee Nzuki! Mimi aliyekuwa ananiita kichwa debe!

Muthokoi ulibaki kwa sufuria. Tangu mke wangu Syombua aende mbele ya haki huwa unabaki, maana bado napika wa watu wawili. Leo ulibaki wote.

Jumamosi, 6 Agosti

Mpango mkubwa zaidi! Wanjiro anasema gari la sabuni linakuja Alhamisi, siku ya soko, kurekodi kipindi cha Jumatatu. Akina mama wenye watoto wachanga watapanda juu waongee na Mutindi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba mzee amekatazwa. Nakosa mtoto mchanga tu.

Na ninaye! Ndinda, mjukuu wangu, mtoto wa Muthama anayefanya kazi ya petroli Mtito Andei. Nilimbeba siku moja, akanishika pua akakataa kuiachilia. Mtoto wa akili. Nimemtuma Mutie wa lori amwambie Muthama alete mtoto kabla ya Alhamisi, na nepi za kutosha.

Nimemtengenezea kibuyu cha kuchezea, nikatia kokoto ndani.

Jumanne, 9 Agosti

Mutie amerudi. Muthama ananisalimia. Anasema Ndinda yuko darasa la tatu.

Darasa la tatu! Nani alimruhusu? Muthama anasema watakuja kumwona umau wake, yaani mimi babu, Krismasi. Ndivyo alivyosema ile Krismasi nyingine. Mutie alipoona uso wangu akasema meno ya mbele yameng'oka, anapendeza sana. Sasa mimi hata hayo meno sikuyaona yakiota.

Nikakaa mlangoni na kibuyu. Nikakitikisa kidogo. Mbuzi akaja.

Alhamisi, 11 Agosti

Asi! Siku gani hii!

Nilienda kwa Wanjiro kuazima mtoto wake, Muturi. Akakataa. Nikaahidi kuchanja kuni. Akakataa kidogo. Nikaahidi kuchanja kuni na kunyamaza. Akanipa.

Nikapanga foleni na akina mama. Kijana wa tai, wa kampuni, akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia anawapikia watu chai, twende kazi. Nikapanda juu ya gari. Mutindi alikuwa na aproni nyingine mpya na kipaza sauti, akanitazama kama mtu aliyeona funza kwa unga. Akauliza kwa sauti ile ya Mombasa, je, baba, unafuaje nguo za mtoto?

Muturi ndiye alijibu. Shati langu, suruali yangu, kisha akageuka vizuri akamalizia kwa aproni. Soko lote likapiga kelele. Nikasema basi hiyo sabuni iletwe sasa tuione!

Mutindi akaanza kusema Pendo husafisha kwa upole. Akashindwa. Ikamtoka: wewe kichwa debe, miaka hii yote hujajua kushika mtoto! Akakaa juu ya katoni za sabuni, akacheka mpaka leso ya kichwani ikaanguka. Wazee wakaita Mzee wa Nepi! Vijana wakauliza ni nepi gani, wakaelezwa, na mbuzi akatiwa chumvi. Sikukosoa.

Nilichanja kuni nikiimba. Sikunyamaza. Wanjiro akasema ahadi zangu zimeingia maji.

Jumatatu, 15 Agosti

Betri za redio nimezianika juu ya mabati tangu asubuhi, zikapata nguvu kidogo. Nikavaa koti. Najua redio haioni.

Kipindi kikaanza. Sabuni. Sabuni tena. Akina mama wote wa Alhamisi wakaongea, wakashukuru. Mimi nimekatwa! Muturi amekatwa! Hata kicheko kimekatwa. Mwishoni sauti ya msichana: kuanzia wiki ijayo yeye ndiye Mama Pendo, na ana kitoto chake kichanga.

Nikachungulia uani. Mutindi alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, redio yake imezimwa.

Nikavuka na sufuria ya muthokoi. Akasema kijana wa tai alimwambia jioni ile ile kwamba Mama Pendo hacheki akiwa amekalia mali ya kampuni. Akasema hata hivyo alikuwa amebaki na sabuni tu ya kusema, Kiilu mwenyewe haji nyumbani. Nikasema pole. Akasema nyamaza, kichwa debe.

Nikampa kibuyu. Akakitikisa. Mbuzi akaja.

Muthokoi ukaisha.

Jumanne, 16 Agosti

Nimeamka na mpango! Huyu Mama Pendo mpya lazima aje kusalimia soko letu, na lazima avae aproni. Mbuzi nimemfunga tangu alfajiri bila jani hata moja, aanze mazoezi. Aproni ikiliwa mbele ya watu, kampuni itamrudisha Mutindi, na Mutindi atanitaja. Nimemweleza. Amesema niache. Anasema hivyo kwa sababu nimemwambia nusu tu.

Lakini Mutindi, siku ile ya kwanza ya redio ni nani alikushikia mtoto? Alishikwa na kamba ya leso, sawa, lakini leso niliifunga mimi. Hilo hujanilipa. Sitaki kitu kikubwa. Alhamisi watu wakipita kwenda soko, simama hapo kwenye ua unitukane mara moja tu. Kwa sauti. Na utaje jina.