Gari Lenye Nyota Darini

Jumatatu, 4 Agosti

Limefika! Gari. Hapana, neno gari halitoshi. Limeshushwa kwenye lori mbele ya duka letu, Mtaa wa Loita, na mtaa mzima ukasimama. Askari wa kaunti aliyekuwa akimfukuza muuza soksi akaacha kumfukuza. Muuza soksi naye akasahau kukimbia.

Linaitwa Yunlai. Limetoka China na hakuna jingine nchini. Rangi mbili: juu jeusi, kuanzia madirishani kwenda chini rangi ya zabibu iliyoiva. Taa za mbele zimejaa vipande vya kioo kama kabati la sonara. Na refu! Ukilileta Uthiru, pua ikifika mlangoni kwangu, mkia utakuwa bado kwa jirani.

Mimi ndiye dereva mkongwe kuliko wote hapa. Nilidhani mambo yako wazi. Meneja wetu, Carolyne, akatukusanya na kutangaza kwamba atakayewaendesha wateja ni Bramwel. Bramwel! Kisa, ana suti inayomkaa. Kapewa glavu nyeupe. Mimi nimepewa kitambaa cha kufutia vumbi.

Halafu akaongeza la kunichoma zaidi. Mtu anayenunua gari la namna hii, akasema, mara nyingi humchukua na dereva aliyelizoea. Yaani likiuzwa, Bramwel anahama nalo kwenda mitaa yenye miti, anapewa nyumba ya uani na chai ya maziwa mazito. Na mimi je? Vumbi.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mama mkwe yuko kwetu, amekuja kutoka mji wa Wote kutibiwa mgongo. Jana aliwaambia akina mama wa kanisa, nami nikiwa nyuma yake, kwamba binti yake Ngina aliolewa na maneno. Hakusema mtu wa maneno. Maneno!

Haya. Nimeamua. Gari hili nitaliendesha mimi, na mama mkwe ataketi ndani yake. Tuone atawaambia nini hao akina mama.

Jumanne, 5 Agosti

Mwenye kitambaa anaingia kila mahali. Asubuhi nzima nimekuwa ndani ya Yunlai "nikifuta vumbi". Najua sasa mambo ambayo Bramwel hataki hata kuuliza, asije akaonekana hajui.

Dari ni usiku mtupu, bluu iliyokolea, nyota zimetawanyika, na ukingoja kidogo moja inakatiza na kuzimika. Nimetoa kiatu kwa heshima. Kiti cha nyuma kinalala chali kabisa, kinakuinua miguu, kisha kinakukanda mgongo kama mwanamke anayekanda unga wa chapati. Kati ya dereva na abiria kuna kioo. Abiria akigusa kitufe, kioo kinakuwa cheusi na sauti haipiti. Kitufe hicho kiko nyuma tu. Tajiri hataki kuchunguliwa na dereva. Ni dharau. Nimeipenda.

Milango haishikwi. Unaupungia mkono, unafunguka. Unaupungia tena, unafungika.

Lakini jambo kubwa ni mwendo wa kaa. Magurudumu ya nyuma yanapinda pamoja na ya mbele, na gari zima linakwenda mshazari. Nilitaka kujaribu kidogo tu. Chungu cha maua kilikuwa karibu mno. Nani anaweka maua kwenye duka la magari? Gari halijachubuka. Ua limefariki.

Nimemwambia Carolyne kwamba Bramwel ndiye aliyekuwa akililalamikia lile ua. Si uongo. Nimewahi kumwona akipiga chafya karibu nalo.

Chafya! Ngoja kwanza.

Jumatano, 6 Agosti

Yunlai lina manukato yake ndani. Unachagua aina, unachagua ukali. Leo asubuhi nilichagua maua, nikachagua ukali wa mwisho. Si kosa. Ni sehemu ya gari, imewekwa na waliolitengeneza.

Bramwel alimchukua mzee mmoja wa Waithaka kumzungusha mjini. Alianza kupiga chafya kabla hajatoka Mtaa wa Loita. Alipofika kwenye taa za barabarani akachomoa leso na kuipeperusha, na mlango wake ukadhani umeitwa. Ukafunguka wazi katikati ya foleni! Aliufunga. Akapiga chafya. Ukafunguka. Mzee alirudi akisema yeye alikuja kutazama gari, hakuja kumtembeza mgonjwa.

Carolyne akanigeukia. Akaniuliza kama mimi nina mafua. Nikamwambia mafua yananiogopa. Akanipa ufunguo: kesho alasiri, Kitisuru, kwa mteja mkubwa, Bi. Salme. Nilikoshe gari asubuhi, nisilipeleke popote pengine.

Glavu za Bramwel hazinitoshi. Nimezivaa hivyo hivyo, vidole viwili nje. Aliviangalia vidole hivyo, akapenga kamasi. Wivu tu.

Jioni nilimweleza Ngina mpango wangu. Hakufurahi. "Baba Mumo, hilo gari ni la wenyewe," akasema. "Ukimtia mama humo, usinitaje." Nikamjibu kwamba hatatajwa mtu. Ni mzunguko mmoja, mpaka kwenye maduka ya Uthiru na kurudi. Nani ataumia?

Alhamisi, 7 Agosti

Ninaandika nimejifunika blanketi mbili. Si kwa hofu. Ni baridi ya Kitisuru.

Nilifika nyumbani asubuhi, Ngina keshaenda kazini. Majirani walijaa. Sikutarajia kwamba Uthiru nzima ingenipungia mikono. Kila salamu, mlango! Wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Gari lilikuwa kama kuku anayetaka kuruka. Watoto walipogundua, ndiyo basi.

Mama mkwe alitoka na bakora yake na kitambaa cha kanisani kichwani. Akauliza gari ni la nani. Nikamjibu kwamba kwa sasa ni letu. Aliliangalia kutoka taa hadi taa. Kwetu Ukambani mama mkwe ana heshima yake: humgusi, na akiwa amelala humkaribii kabisa. Kwa hiyo nikaupungia mlango, ukafunguka, akaingia mwenyewe polepole huku akiguna kwa maumivu. Nikawasha nyota. Nikalaza kiti. Nikawasha mkando. Nikamwambia ajisikie huru kubonyeza chochote.

Alibonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Tulipofika madukani simu ikalia. Carolyne. "Mwangangi, uko wapi na gari? Bi. Salme ana ndege ya kwenda Mombasa, anataka kuliona sasa hivi. Mimi niko njiani, tupatane kwake. Na usichelewe, tafadhali!"

Nikasimama kando. Nikagonga kioo. Kimya. Nikapiga honi. Gari hili limezibwa masikio, huko nyuma hata radi haifiki. Nikaenda kuchungulia dirishani: amelala. Amelala fofofo! Kumfungulia mlango nimwite au nimtikise siwezi, ni mwiko kumkaribia akiwa amelala. Kumwomba Ngina ampigie simu? Simu ya mama mkwe ilikuwa nyumbani ikichajiwa, na ya Ngina haishikwi akiwa kazini. Nikaliomba gari lenyewe, maana linasikia sauti. Nikasema, mwamshe mama. Likajibu Kichina kwa adabu, likampunguzia taa na kumwongezea joto miguuni.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi niliwasha indiketa. Kangemi, Loresho, Kitisuru. Nilikata kila kona kama nimebeba trei ya mayai.

Walikuwa wakingoja mbele ya nyumba, Carolyne na Bi. Salme, mwanamke mtulivu aliyejifunga mtandio wa kijani. Nikajaribu kusema kwamba tuanze na taa za mbele. Carolyne akanipita. Alikuwa tayari anasifu kiti cha nyuma, utulivu wake, na jinsi mtu anavyosahau dunia. "Punga mkono tu, Bi. Salme," akasema. Bi. Salme akapunga.

Mlango ulifunguka taratibu, kama ulivyoundwa. Nyota zikametameta. Na chini ya nyota, miguu juu, viatu vimevuliwa na kupangwa vizuri, mama mkwe wangu anakoroma. Gari halina sauti hata moja. Koromo lilisikika lote.

Carolyne alinigeukia, rangi imemtoka. Nikasema kwamba hiyo ni sehemu ya onyesho.

Mama mkwe akafumbua macho. "Tumefika madukani?" akauliza.

"Shikamoo, mama," akasema Bi. Salme.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni kwako? Nisamehe. Nimelala."

Bi. Salme akachutama mlangoni. Hakuonekana kukasirika. Akamuuliza kama amelala vizuri. Mama mkwe akamjibu kwamba tangu mgongo umshike, hajalala chali. Hulala ameegemea ukuta, anasinzia na kushtuka, anasinzia na kushtuka, na asubuhi anasema amelala ili Ngina asihuzunike. Leo ndiyo mara ya kwanza. Alisema hivyo kama anayeeleza bei ya nyanya. Mimi sikujua. Yuko nyumbani kwangu, na sikujua.

Bi. Salme akaingia akaketi kando yake. Mama yake mwenyewe, akasema, nyonga zimemharibika, na ameapa hatatoka tena Mombasa kwa sababu hakuna chombo kisichomuumiza. Kisha akaupungia mlango. Ukafungika. Kioo kikawa cheusi.

Mimi na Carolyne tulibaki nje kwenye baridi. Maneno aliyoniambia hayaandikiki. Aliyamaliza, akaanza upya.

Walipotoka, bakora ilikuwa mkononi mwa Bi. Salme na mama mkwe alikuwa akitembea bila kuikumbuka. Bi. Salme akamuuliza huyu dereva ni nani.

"Mkwe wangu," akasema mama mkwe, bila kuniangalia. "Ana maneno mengi. Lakini nimetoka Uthiru mpaka hapa sijatikisika. Ningetikisika, ningeamka."

Nilikwenda kuyatazama maua ya Bi. Salme kwa muda. Kitisuru wanachoma majani, na moshi unaingia machoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Ananunua! Bi. Salme ananunua Yunlai, na amemwomba dereva wa jana. Mimi! Carolyne alikuwa tayari amenifuta kazi kichwani, nikamwona akijizuia. Bramwel akapiga chafya bila manukato yoyote.

Nilikwenda Kitisuru kuzungumza. Bi. Salme, aliyekuwa ameahirisha safari ya Mombasa, alinikaribisha kwa haluwa na kahawa. Nyumba ya uani nimeonyeshwa, ina hadi kabati la ukutani. Akasema ana sharti moja tu: mtu asipande gari lake bila yeye kujua.

Sharti moja. Mtu wa kawaida angejibu, ndiyo. Lakini niliona kwamba anayetafutwa lazima aonyeshe uzito wake, la sivyo atazoewa. Kwa hiyo nikaleta ya kwangu. Kwanza, nisiitwe dereva, niitwe Mkurugenzi wa Safari. Pili, glavu mpya, za kipimo changu. Tatu, Jumapili gari lipumzike Uthiru, kwangu, lipate hewa tofauti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja. Akanimiminia kahawa nyingine akasema, "Bwana Mwangangi, nimekufahamu." Nilitoka nikijua nimeshinda. Watu wa pwani hawapigi kelele wakikubali.

Alasiri alimpigia Carolyne simu. Anamtaka Bramwel. Akaambiwa kuhusu chafya. Akasema manukato yanazimika.

Ngina hakunigombeza. Aliweka isyo mezani, mahindi yetu na maharagwe, akampakulia mama yake kwanza, sahani yangu akaiacha tupu. Nilipomuuliza kulikoni akalipuka: nyumba ya uani! Kwa sharti moja! Halafu akashusha sauti, akiwa bado na hasira, akaniambia kwamba mama yake amewasimulia wale akina mama wa kanisa jinsi mkwe wake anavyokata kona. Hakuna hata mmoja wao, amewaambia, aliyewahi kuendeshwa namna ile.

Sijutii kitu. Andika hapo. Bi. Salme amekosa mkurugenzi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana Bramwel alihama na Yunlai. Alinipungia mkono akiondoka, na mlango ukafunguka. Nilicheka mpaka Carolyne akaniita ofisini.

Ameniruhusu kubaki, kwa kitambaa tu. Amenitaka niape kwamba sitatoa gari la duka kwa shughuli zangu tena. Nimeapa. Nimemwambia kwamba somo limeingia na limekaa.

Wiki ijayo linaletwa jingine kutoka kwa Wachina hao hao. La kimo cha juu, magurudumu makubwa, na Carolyne amesema kwamba likitumbukia mtoni linaelea kwa muda na kujiendesha lenyewe hadi ukingoni. Linaelea! Sikulala kwa kufikiri. Leo kabla ya ibada nilimvuta kando Mchungaji Masila. Nimemhakikishia kwamba kwenye ubatizo ujao, yeye na wazee wote wa kanisa wataingia majini wakiwa wameketi, bila kulowesha soksi. Ameshatangaza. Waumini wamepiga vigelegele. Mama mkwe ameahirisha kurudi Wote ili aone.

Kitabu cha maelezo kiko kwa Kichina. Lakini kuna picha. Mwanamume ameshika usukani katikati ya ziwa, anatabasamu, na maji hayajamfika dirishani.