Cheti cha Kufutiwa Deni la Taifa

"Kitenge changu umekivaa mpaka kimepauka, kimebaki tambara la kudekia, na hela yangu sijaiona!"

Paskalia alikuwa amesimama mlangoni kwa Dorika, mikono kiunoni, na sauti yake ilikuwa imeshafika mtaa wa pili.

"Kwani nimekataa kulipa? Si nimesema nikiuza mchele wa Majimoto?"

"Mchele upi? Mpunga wenyewe bado uko kwenye maji!"

"Na wewe je, mama mwenye hela? Juzi kausha damu hawakukubebea sofa mchana kweupe? Tena ukawasaidia kushika upande mmoja!"

Mtaa wote wa Majengo ukacheka. Kausha damu, kwa asiyewajua, ni wale jamaa wa mikopo ya haraka wanaokupa laki asubuhi na kuanza kuidai kabla hujala mchana. Walishapita kila nyumba ya mtaa ule, kwa hiyo kila aliyecheka alikuwa anacheka na kovu lake.

Malale, fundi wa kuchomelea mageti, akavua miwani yake ya kazi. "Nyie mnatoana macho kwa kitenge. Redio imesema deni la taifa likigawanywa kwa vichwa, kila mtu anadaiwa milioni na chenji. Hata huyo uliyembeba mgongoni, Dorika."

Dorika akamzungusha mtoto mbele, akamkagua. "Huyu? Hata meno hana!"

"Meno ya nini? Kwani deni linatafunwa?"

Ugomvi wa kitenge ukafa palepale. Watu wakaanza kuhesabu vichwa vya majumbani mwao kwa vidole, midomo ikicheza, nyuso zikiingia hofu. Na ng'ambo ya barabara, kijana mmoja aliyevaa tai akasimama ghafla kama aliyeitwa kwa jina.

Huyo ni Telesfori. Tai ilikuwa moja, shati moja, na viatu vilivyong'aa juu vikiwa vimetoboka chini. Vitu vyake vingine vyote vilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa limefungiwa stoo na Rozalia, mwenye gesti kule Nsemulwa, kwa deni la chumba la elfu tisini. Rozalia alikuwa amemwambia bila kupandisha sauti: Jumapili ikifika hujalipa, nauza begi na vilivyomo. Vilivyomo ndivyo vilivyomnyima Telesfori usingizi, maana mle ndimo ilimokuwa ofisi yake nzima, yaani mihuri. Aliokuwa nao mfukoni siku ile begi linakamatwa ulikuwa mmoja tu, wa shule ya udereva.

Lakini Mungu hamnyimi mtu riziki, hasa mtu asiyechagua riziki yenyewe. Telesfori akakaza tai, akavuka barabara.

"Habari zenu, wazazi wangu. Nimesikia mnaliongelea suala letu."

"Suala lenu akina nani?" Paskalia akauliza.

"Sisi wa deni." Alisema kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Nimetumwa Katavi kimyakimya, tusizue taharuki. Kuna dirisha limefunguliwa. Mwananchi akitoa elfu kumi na tano tu, fungu la nyumba yake yote linafutwa, anapewa cheti. Dirisha linafungwa Jumamosi."

"Elfu kumi na tano kwa mamilioni?" Dorika akashangaa. "Mbona rahisi hivyo?"

"Ndiyo maana halitangazwi redioni, dada yangu."

Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kulipinga.

Aliyekataa alikuwa Malale peke yake. "Wanangu kumi na mmoja, mimi na mke wangu. Si ni zaidi ya milioni kumi na tatu hizo?"

"Zaidi, mzee wangu. Ndiyo maana nakuonea huruma."

Malale akatabasamu kama bwana harusi. "Benki walininyima laki mbili, wakasema siaminiki. Leo nadaiwa milioni kumi na tatu na mabwana wakubwa wa dunia! Usilifute, kijana. Liache hivyohivyo, nalitaka."

Mkewe, Nyamizi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta dagaa. Ndiye mwenyekiti wa kikoba cha akina mama wa pale, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kujaza uwanja.

"Baba afisa," akasema, "hao wanaotukopesha, hela wanatupa mkononi?"

Hapo Telesfori angenyamaza tu, siku zake zingemwendea vizuri. Lakini mtu aliyevaa tai akiulizwa swali mbele ya akina mama hawezi kunyamaza.

"Mkononi? Thubutu! Mama, mkopo wa maana unakuja na mradi wake. Anayekukopesha ndiye anayekuchagulia mkandarasi. Anakuletea na mshauri elekezi, na huyo analipwa kwanza, kabla koleo halijagusa udongo. Wewe unabaki na mradi na deni."

"Na ukishindwa kulipa?"

"Hawakuui, mama. Wanakuongeza kidogo upate nguvu ya kuendelea kulipa."

"Kumbe." Nyamizi akapuliza makapi. "Asante kwa darasa, mwanangu."

Basi vyeti vikachapwa kwenye duka la stesheneri, vikapigwa muhuri, vikagawiwa. Paskalia alikibandika chake sebuleni, pale ilipokuwa sofa. Dorika akaja juu kwamba muhuri wa cheti chake umefifia kuliko wa Paskalia, ikabidi urudiwe. Kufikia Ijumaa nyumba kumi na mbili zilikuwa zimesafishwa deni la taifa, mbili kati yake kwa hela ya kausha damu, na Telesfori alikuwa na laki na themanini soksini.

Zilitosha. Elfu tisini za Rozalia, begi mkononi, basi la Tabora, mchezo umekwisha. Mtu mwenye tamaa ya kawaida angeondoka. Lakini jioni ile Nyamizi alimkuta akinunua chapati, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, kikoba chetu kina hela imelala tu. Mtu akiweka hisa, anakopa mara tatu yake. Mgeni husubiri miezi mitatu, ila kwa heshima ya cheo chako tungekupa kesho hiyohiyo. Lakini wewe mtu mkubwa, utataka nini na vihela vya akina mama?"

Mara tatu! Usiku mzima Telesfori alizidisha. Laki na themanini mara tatu ni laki tano na arobaini. Angeweka hisa saa tisa, angekopa saa kumi, na saa kumi na moja mji wa Mpanda ungekuwa nyuma yake. Kuwalaghai watu kwa deni la taifa ni kazi. Kuwakopa kwa hiari yao na kupotea, hiyo aliiona ni sanaa.

Jumamosi akafika uwanjani kwa Nyamizi, viatu vinang'aa. Akina mama walikuwa wamekaa duara, katikati sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Wa kwanza alishika Nyamizi, wa pili Paskalia. Wa tatu ulikuwa kwa mwanamke aliyemwonyesha Telesfori jino la dhahabu: Rozalia wa gesti.

Moyo ukamruka, akaurudisha. Rozalia akafungua kufuli lake. Telesfori akatoa hisa zake, zikaingia sandukuni.

"Mkopo wa laki tano na arobaini umepita," Nyamizi akatangaza. Makofi yakapigwa. Telesfori akanyoosha mkono.

"Mkono wa nini?" Nyamizi akauliza.

"Kupokea, mama."

"Thubutu! Mkopo wa maana unakuja na mradi wake. Tuanze na mshauri elekezi. Paskalia!"

Paskalia akanyanyuka, akahesabiwa elfu kumi na tano.

"Amenishauri nini huyu?" Telesfori akaruka.

"Paskalia, hebu mshauri," Nyamizi akasema.

"Punguza kuongea," akasema Paskalia, akaketi.

"Mshauri mwingine, Dorika!"

"Viatu vyako vinavuja, kaka," akasema Dorika, naye akachukua elfu kumi na tano. Wakafuata wengine mpaka wakatimia kumi na wawili, kila mmoja na ushauri wake, mmoja akimshauri aoe. Zile noti alizozijua kwa mikunjo yake, zilizolala soksini mwake siku nne, zikarudi moja moja kwenye vifundo vya kanga zilikotoka.

"Inabaki laki tatu na sitini," Telesfori akasema.

"Hiyo ya mkandarasi," Nyamizi akajibu. "Baba watoto!"

Malale akatokea nyuma ya nyumba akisukuma toroli jipya la chuma lenye madumu ya maji ishirini, toroli ambalo tangu mwaka jana lilikuwa limekosa mnunuzi. "Mradi wa maji," akasema kwa fahari. "Bomba likikatika huku Majengo, dumu moja mia tano. Ukiamka mapema, utalipa."

"Nyie akina mama, huu ni wizi!"

Rozalia akafungua mkoba wake, akatoa mihuri minne, akaipanga juu ya sanduku taratibu. Ofisi nne ambazo hazijawahi kukutana.

"Begi lako litakuwa dhamana," akasema, "na elfu tisini zangu zitangoja. Mimi nina subira."

Nyamizi akanyanyua cheti cha Dorika. "Deni la taifa zima, mwanangu, limefutwa na shule ya udereva. Tulikusoma tangu siku ya kwanza, tukalipa ili tukunase. Dorika tu ndiye aliyesoma baada ya kulipa." Dorika akatazama pembeni. "Polisi siyo mbali. Ila tukikupeleka kule utalishwa bure, na sisi tutabaki na toroli. Rejesho ni kila Jumamosi."

Telesfori akatazama barabara. Akatazama mihuri yake. Akaliangalia toroli. Akashika vishikio, akajaribu kusukuma. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, kwa mategemeo ya kula Tabora. Toroli likasogea kidogo, likasimama, na yeye akaegemea juu yake.

Ndani kulikuwa kunanukia samaki migebuka wa nazi na wali wa Mpimbwe. Akina mama wakaanza kuingia, wakicheka, Paskalia na Dorika wameshikana mikono kama vile kitenge hakijawahi kufumwa. Nyamizi akabaki mlangoni na birika la kunawia.

"Njoo ule, mwanangu," akaita. "Nawa mikono, uingie ushibe. Ukitufia njaa hapo nje, tutamdai nani?"