Vita vya Shuka Uani kwa Marehemu Veridiana

Njooni, enyi wa Masasi chini ya majabali, na enyi wa Newala juu ya uwanda! Acheni korosho zikauke zenyewe, zimeni redio, mbembelezeni huyo mtoto anyamaze, niwasimulie vita vilivyopiganwa Jumamosi huko Mkomaindo, karibu na hospitali, ambavyo havikumwaga damu, ila jasho la mzee mmoja.

Alikuwapo shujaa, Severina binti Nikolao, Mama Pendo, Simba Jike wa Wodi ya Wanaume, ambaye sindano yake iliwazimisha majabari kabla haijawagusa. Mwalimu wake alikuwa Veridiana, mkufunzi wa uuguzi, aliyefariki mwaka uliopita. Kabla hajakata roho, Severina alimshika mkono akaapa: ndugu wanaolala nje ya hospitali kuuguza wagonjwa wao hawatalala njaa tena. Kiapo hicho kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku ya kumbukumbu, uani kwa marehemu, wanafunzi wake wakatangaza mchango wa kuanzisha Benki ya Chakula, ifunguliwe kesho yake. Laiti wangeiita ghala! Wakulima wa korosho waliposikia neno benki, wakashika mifuko.

"Na makato je?" akauliza Baba Godwin. "Niweke kilo kumi za unga, nikija nipewe saba?"

Looh! Kikapu kikazunguka ua mzima, kikarudi na fedha isiyotosha hata gunia la kwanza. Severina akatamani kulia.

Hapo ndipo adui alipotokea. Mzee Faruku wa Newala, Mfunga-Kibindo, mnunuzi wa korosho mwenye mkono wa birika, mtani wa ukoo wa Severina tangu enzi za mababu. Na mtani, mnajua wenyewe, penye msiba ana haki ya kufanya mzaha mpaka alipwe. Akapenya katikati ya watu, akajinyoosha chali mkekani mbele ya sufuria la wali, akafumba macho.

"Nimekufa!" akatangaza. "Hakuna atakayekula hapa mpaka nikombolewe! Ukoo huu wa Mama Pendo una majivuno kuliko mboga. Msiponilipa, nitaozea hapahapa, mnisomee hitima kwa gharama zenu!"

"Jamani, mlipeni aondoke," akasihi Mama Rahima, mpishi mkuu. "Wali unashika ukoko!"

Watu wakatazama kikapu. Severina damu ikamchemka. Fedha ya wenye njaa ikamkomboe mwenye shibe? Akafunga kibwebwe, akanguruma hata mabati yakaitikia:

"Ee Mkufunzi Veridiana, uliyenirudisha kutandika kitanda mpaka nikalia, tazama leo! Kutandika kitanda, mgonjwa akiwa juu yake!"

Akanyakua shuka jeupe lililofunika meza. Akamviringisha mzee ubavu huu, akapitisha shuka. Akamviringisha ubavu ule, akalivuta. Pembe akazikunja kama alivyofundishwa, akazichomeka chini ya mkeka, wauguzi wenzake wakakalia kingo. Kabla mzee hajamaliza kukohoa, kilichobaki nje ni kichwa tu.

"Mama Pendo, mikono yangu iko wapi?"

"Imelazwa, mtani. Maiti ana haja gani na mikono? Hatukukomboi. Jikomboe mwenyewe, ama ulale hapa mpaka msimu ujao wa korosho!"

"Huu si utani!"

"Ni utani haswa! Kamuulize babu yako."

Ua ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mzee akafurukuta kulia, akafurukuta kushoto, shuka halikupata hata kunyanzi. Hatimaye Mfunga-Kibindo akasalimu amri.

"Kibindoni, upande wa kulia. Chukueni ya gunia moja. Haya, mawili, ila mnikune pua!"

Severina akamkuna pua, akatoa noti, akainama kumfungua. Mzee akatikisa kichwa.

"Acha kwanza," akasema taratibu. "Mwaka ule nilipolazwa na homa, sina ndugu karibu, Veridiana ndiye aliyenifunika hivi. Akaniletea na uji wa kwake. Acha nilale kidogo, mwanangu."

Severina akalia waziwazi, bila haya, akamvutia shuka mpaka kidevuni. Wengine wakala wali wakimzunguka kwa adabu.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msio nayo mkariri: siku ile Newala ilianguka Mkomaindo bila risasi. Na asubuhi yake bibi mmoja wa Lupaso, aliyelala nje akimuuguza mwanawe, akanywa uji wa kwanza wa ghala lile, akafuta midomo, akasema sukari haikutosha.