Hewa ya Vitunguu

Jumamosi, 3 Februari

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata Babu: Roelfien hayupo. Nilimbuni mimi. Mama anaamini kwamba kila Jumamosi niko kwa rafiki yangu Roelfien, na anafurahi mno. Amewapigia simu shangazi zangu wote kuwaambia kuwa hatimaye Geeske amepata rafiki.

Ukweli ni kwamba kila Jumamosi niko katika ghala la Bwana Okke, ndani ya karavani ya Babu, nasoma.

Nusu ya ghala ni vitunguu. Nusu nyingine ni karavani za kijiji kizima, nyumba ndogo za magurudumu zinazolala humo tangu Oktoba kungoja kiangazi. Bwana Okke amezibana kama viatu sandukuni. Natambaa chini ya karavani za majirani ndipo nifike kwetu. Ufunguo nilichonga wa pili. Ndani: meza ndogo, mapazia ya kahawia, blanketi, chupa ya chai, mkate wenye chembe za chokoleti. Na kimya! Hakuna anayeniuliza mbona siongei.

Leo lakini sikusoma hata ukurasa. Jana, tukiwa kwenye supu ya njegere, Babu alitangaza kwamba tarehe moja Machi atakuja fundi mwenye kipima unyevu. Kuta zikiwa kavu, karavani inabaki. Zikiwa na maji, inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu mbao za ndani zikishaanza kuoza haziponi.

Sikumaliza supu.

Nimegusa ukuta wa kona yangu, pale ninapoegemea. Umelowa kama paji la uso la mtu mwenye homa. Kuta nyingine kavu. Ajabu. Labda paa linavuja.

Jumapili, 4 Februari

Nimesoma kila kitu kilichopo kuhusu kuhifadhi karavani wakati wa baridi. Wote wanasema lilelile: simamisha matakia wima, acha friji na makabati wazi, fungua tundu la paa kidogo, hewa ipite. Babu aliyafanya hayo yote Oktoba. (Matakia niliyalaza tena mimi, ili nikae. Tundu la paa nililifunga Novemba, baridi ilizidi.) Kwa hiyo vitabu havina jipya. Inahitajika dawa kali zaidi.

Mama huweka punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigande. Mchele hunywa unyevu. Kumbe jibu lilikuwa mezani kwetu siku zote!

Jumatano, 7 Februari

Nimenunua gunia la mchele kwenye duka la Wasurinami mjini na kulibeba kwa baiskeli. Nimejaza sahani zote za karavani. Nimejaza makabati. Nimejaza hata buti za mpira za Babu.

Gunia lilikuwa limetoboka. Njia nzima toka barabarani hadi mlango wa pembeni wa ghala ilikuwa nyeupe. Berend, mtoto wa Bwana Okke, anayenizidi miaka miwili na kimo cha kutosha, aliufuata mstari huo hadi kwangu. Akaniuliza, "Profesa, nani anaoa?"

Nikasema ni jaribio la shule. Akasema hewala, ila bwana harusi asipitishwe kwenye vitunguu, vitamliza kabla ya siku yake. Nikawa mwekundu hadi masikioni. Jibu zuri lilinijia nikiwa kitandani. Zuri sana. Halina kazi tena.

Jumamosi, 10 Februari

Panya.

Wamekula mchele. Wamekula pembe ya takia. Wamekula sura ya nne ya kitabu changu, kwa hiyo sitajua kamwe kwa nini yule kapteni alimkana dada yake. Wamezaa ndani ya buti la kushoto.

Ukuta umelowa zaidi.

Berend ameniazima paka. Hakuuliza namfanyia nini, alicheka tu na kusema jaribio la shule limekua. Paka hakamati kitu. Analala mapajani mwangu mchana kutwa, anakoroma. Nimefunga madirisha vizuri ili asipate baridi. Angalau tuko wawili.

Jumamosi, 17 Februari

Nimepata! Upande wa pili wa ukuta wa mbao, feni kubwa za Bwana Okke hupuliza hewa katikati ya vitunguu ili visioze. Vinakaa vikavu hadi Mei. Ikiwa feni zinaweza kukausha mlima wa vitunguu, karavani moja ni kitu gani?

Na kwenye ukuta huo, nyuma kabisa ya karavani yetu, kuna kidirisha cha mbao chenye komeo. Nimekifungua. Nimefungua dirisha letu la nyuma na tundu la paa pia. Upepo wa uvuguvugu ukaingia. Mapazia yakacheza. Karibu nicheze na mimi.

Nimeacha vyote wazi kwa wiki nzima. Nyumbani nilimwambia Mama kwamba Roelfien anamsalimu. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Furaha.

Jumamosi, 24 Februari

Najuta. Najuta. Najuta.

Madirisha yanatiririka maji. Si yetu tu, ya mstari mzima. Na harufu! Mapazia yananuka vitunguu, blanketi zinanuka, kurasa zinanuka, paka ananuka na ananilaumu kwa macho.

Nimefungua kitabu cha fizikia. Hewa inaingia kwenye vitunguu ikiwa kavu na inatoka imebeba maji yao. Mimi nilifungua upande inakotokea. Ukurasa huo niliwahi kuusoma. Nimeupigia mstari kwa kalamu ya kijani.

Wenye karavani walikuwa wamejaa uani. Bwana Okke aliuliza mbele ya wote ni nani aliyegusa kidirisha. Berend alinitazama. Kisha akasema labda ni yeye, labda alisahau kukifunga. Baba yake akamfokea, akamwita kichwa maji mbele ya wateja, na Berend akatazama viatu vyake.

Mimi nilisimama nimeshika baiskeli. Nilikuwa na sentensi nzima kichwani, imepangika vizuri, ina hata koma. Haikutoka.

Ijumaa, 1 Machi

Fundi amekuja. Bwana Okke alizisogeza karavani kwa trekta ili apite. Nilitoka shule mapema nikasimama mlangoni.

Alikigandamiza kifaa ukutani, hatua kwa hatua. Mbele: sawa. Harufu ni mbaya, alisema, lakini maji ya wiki moja hayajaingia ndani ya mbao. Paa: sawa, halivuji popote. Nikaanza kupumua. Akafika kona yangu. Kifaa kikalia, hakikunyamaza. Alibonyeza kwa kidole gumba na ukuta ukabonyea kama mkate. Akasema haelewi, kwa nini hapa tu.

Babu aliitazama kona. Akatazama duara la kikombe cha chai mezani, manyoya ya paka, punje ya mchele kwenye mkunjo wa takia. Akangoja fundi atoke.

"Geeske," alisema, "humu kuna mtu amekuwa akipumua majira yote ya baridi."

Mimi. Pumzi yangu na chai yangu. Nilipigana na unyevu mwezi mzima, kumbe ndio mimi mwenyewe.

Aliniuliza kama nilikuwa nahisi baridi. Nikasema kidogo. Akasugua pua yake kwa muda mrefu.

"Nina chumba juu," akasema. "Kina jiko la kuni, kina kile kiti cha bibi yako. Jumamosi nakaa peke yangu mpaka giza. Ungeniambia tu, mwanangu."

Hakumwambia Mama. Bwana Okke amesema karavani yenye harufu ile hairudi ghalani kwake, kwa hiyo Babu ameivuta hadi nyuma ya nyumba yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataichukua baada ya Pasaka.

Jumamosi, 9 Machi

Babu alipanga chumba. Alisafisha bomba la jiko, akanunua taa ya kusomea. Nilijua kwa sababu Jumatatu nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuifunika karavani hizi wiki zilizobaki, mvua isiinyeshee. Alisema nifanye nipendavyo, mradi niiache ipumue. Nikaahidi.

Nilitaka kwenda kwenye kile chumba. Kweli nilitaka. Lakini Babu angeuliza nasoma nini, nami ningelazimika kusema, kisha angeuliza kinahusu nini. Niliwaza juma zima. Jana nilimpigia simu nikamwambia samahani sana, kesho nimeshamwahidi rafiki yangu Roelfien.

Akasema ni vizuri kuwa na rafiki. Akasema nimsalimie.

Leo mvua kubwa. Nilipita kwenye uwazi wa ua, nyuma, asikoweza kuniona. Karavani nimeifunika yote kwa nailoni nyeusi, ile nene ya kufunikia majani ya ng'ombe, na kila tundu la hewa nimeliziba kwa utepe wa gundi ili tone lisiingie. Niliacha kitobo kimoja kwenye dirisha la meza, kwa ajili ya mwanga. Nikaingia, nikafunga, nikabana taulo chini ya mlango. Nikamimina chai.

Kupitia kitobo niliona jikoni kwa Babu. Alitoa vikombe viwili kabatini, akaviweka mezani. Akasimama. Kisha akarudisha kimoja.

Kioo kikaingia ukungu. Nilikifuta kwa mkono wa sweta, kikaingia tena, nikakiacha. Nikavuta blanketi na kuanza kusoma.