Yah: Kurudishiwa Mama Mwenyewe Siku ya Ijumaa

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Naahidi kukueleza yote bila kuficha. Mimi ni binti mkubwa wa fundi wako wa seva.

Mama ametufundisha kazi yenu. Kwa nje kampuni ina anwani moja tu. Ndani mna seva mbili, na ruta imekaa mlangoni kama karani wa mapokezi: hupokea kila mgeni na kumpeleka kwa seva kubwa. Hiyo ikizimika, humpeleka kwa ile ya akiba, na mgeni hajui kitu. Ni kazi nzuri, hongereni. Ninalolalamikia ni kwamba mama ameileta nyumbani.

1. Nikipiga namba ya mama, anapokea mama mdogo. Anaitika "Abee, mwanangu" bila hata kusita.

2. Siku ya wazazi alikuja mama mdogo, kajitanda mtandio wa mama, akaketi kwenye kiti cha mama. Mwalimu alimsifu kwamba safari hii amewahi.

3. Seva ya akiba hunakiliwa kila kilichomo katika ile kubwa. Mama mdogo hakunakiliwa. Nikisoma shairi huwa nakwama ubeti wa tatu, na mama hunitikisia kichwa polepole mpaka nikumbuke. Siku ile nilipokwama, mama mdogo alidhani nimemaliza, akapiga makofi. Ukumbi mzima ukamfuata. Nikaketi na beti mbili tumboni.

4. Seva yenu ya akiba haina kazi ila kusubiri, na mama anashinda hapo kuhakikisha inasubiri vizuri. Chuma kina msaidizi, fundi hana.

Ijumaa nimepewa nafasi ya kulisoma tena shairi lile. Naomba mumwajiri fundi wa akiba. Asipopatikana, mama mdogo yuko tayari kuketi kwenye kiti cha mama hapo ofisini, na mtandio anao. Hamtatambua. Lakini ukumbini, Mheshimiwa, mtu hana mbadala.

Nisalimie mlinzi, karani wa mapokezi na seva zote mbili.

Wako mtiifu,
Binti mkubwa wa fundi

Tanbihi: Dada ana homa, hivyo barua hii nimeiandika mimi, mdogo wake. Homa isipopungua, Ijumaa nitavaa sare yake nisome mimi. Tunalingana kimo, na walimu hutuchanganya siku zote. Ila na mimi hukwama ubeti wa tatu. Naomba unijibu upesi: je, mama bado ataruhusiwa kuja?