Amina ya Damaris

Jumanne, 8 Julai 1997
Gazeti letu la ukutani limebanduliwa! Mimi, mhariri, niliandika kwamba raia asilazimike kuomba kibali cha chifu ili kukutana na wenzake, kwani hata serikali ina mipaka. Mwalimu mkuu, Bi. Nyarangi, alisema mpaka anaoujua ni ua wa shule, na ndani yake chifu ni yeye. Sasa hakuna neno litakalobandikwa bila muhuri wake. Kiranja Joyline alicheka. Alisema eti mhariri bila gazeti ni mpishi bila sufuria.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata! Sala! Kila Ijumaa msichana mmoja huomba gwarideni, na hakuna anayethubutu kukatiza sala. Ijumaa hii ni zamu yangu. Nimemwambia rafiki yangu Damaris peke yake. Anaogopa. Mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne unaanza Jumatatu, na mama yake, muuza omena, dagaa wa ziwani, kule Suna, amemwonya asirudishwe nyumbani tena. Nilimtuliza. Atasema Amina tu. Amina imewahi kumfukuzisha nani?

Ijumaa, 11 Julai
Niliomba vizuri. Nilimsihi Mungu awaguse wanaoziba vinywa vya wenzao, nchini na hapa karibu. Sikutaja jina! Nilipofumbua macho, ya Bi. Nyarangi yalikuwa wazi, pengine tangu mwanzo. Wasichana walinong'ona Amina kwa woga. Moja tu ilivuma hadi jikoni. Ya Damaris.
Bi. Nyarangi alisema sala ni ya Mungu, haiadhibiwi. Kelele ni kosa. Damaris aende akamlete mzazi. Nilikimbia ofisini kusema kosa ni langu. Nikaambiwa sijapewa kibali cha kusema. Nilimwona Damaris akishika njia ya Rodi Kopany, sanduku kichwani. Hakugeuka.

Jumatatu, 14 Julai
Mtihani umeanza. Karatasi ya Damaris iliwekwa kwenye dawati lake tupu. Upepo ukaiinua. Joyline aliinuka akafunga dirisha. Hakucheka.
Kuanzia sasa sala hupigwa muhuri kwanza, ndipo imfikie Mungu.

Alhamisi, 17 Julai
Damaris amerudi na mama yake. Mama alipiga magoti mlangoni pa ofisi, darasa zima likiona. Kisha akaniita nyathina, mtoto wangu, akaniuliza kama nimekula.
Kiswahili na hesabu zimempita Damaris. Amenisihi nisimwingize tena katika mambo yangu. Nimeapa.
Kesho, sala yenye muhuri ikianza, tutakohoa sote. Kikohozi hakipigwi muhuri! Anahitajika tu mmoja wa kuanzisha, mwenye sauti ya kufika jikoni.
Nitamwambia Damaris asubuhi.